Maisha ya Walter Tull, Mchezaji Kandanda



Karibu kila kijiji kina uwanja wa kandanda. Jioni vijana hucheza, na wazee husimama pembeni kutazama. Anayefunga goli hushangiliwa na wote. Lakini mchezo wa kandanda si magoli tu. Una mambo mengi ya kutufundisha juu ya maisha.

Katika kurasa hizi utasoma habari za mchezaji mmoja wa zamani. Jina lake ni Walter Tull. Alikuwa yatima. Alikuwa mtu mweusi aliyeishi kati ya Wazungu. Alidhihakiwa mbele ya maelfu ya watu. Hata hivyo hakukata tamaa.

1. Seremala kutoka Barbados

Walter Tull alizaliwa tarehe 28 Aprili, 1888, katika mji wa Folkestone. Folkestone ni mji wa pwani, kusini mwa Uingereza. Baba yake aliitwa Daniel. Alikuwa mtu mweusi, na kazi yake ilikuwa useremala. Mama yake aliitwa Alice. Alikuwa Mzungu, mwenyeji wa sehemu hiyo.

Daniel hakuzaliwa Uingereza. Alitoka Barbados, kisiwa kilicho katika bahari ya Karibi. Zamani Waingereza walikuwa na mashamba makubwa ya miwa katika kisiwa hicho. Waafrika walitekwa, wakauzwa, wakapelekwa huko kwa meli kufanya kazi bila malipo. Babu yake Walter alikuwa mtumwa katika kisiwa hicho. Utumwa ulikomeshwa huko katika miaka ya 1830.

Daniel alijifunza useremala. Kisha akasafiri kwenda kutafuta maisha. Mwaka 1876 alifika Folkestone. Alipata kazi, akaoa, akazaa watoto. Siku za Jumapili watu wa nyumba yake walikwenda kanisani. Kanisa lao lilikuwa la Methodisti.

2. Msiba juu ya msiba

Mwaka 1895 mama yake Walter alifariki. Walter alikuwa na umri wa miaka 7. Daniel alibaki na watoto wadogo. Alimwoa Clara, ambaye alikuwa ndugu wa marehemu. Clara aliwatunza watoto wale, naye akazaa mtoto wake wa kike.

Miaka miwili tu ikapita. Mwezi wa Desemba, 1897, Daniel naye akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Sasa Clara alikuwa mjane mwenye watoto sita wa kulisha. Hakuwa na fedha. Alipewa msaada kidogo, lakini haukutosha. Ilimbidi afanye uamuzi mgumu. Mchungaji wa kanisa lake alimshauri awapeleke watoto wawili katika nyumba ya yatima.

Mwezi wa Februari, 1898, Walter na kaka yake Edward walipelekwa London. Walter alikuwa hajatimiza miaka 10. Edward alikuwa amemzidi miaka miwili hivi. Walitoka mji mdogo wenye upepo wa bahari, wakaingia mji mkubwa wenye moshi. Hawakumjua mtu yeyote huko. Kila mmoja alikuwa na mwenzake tu.

3. Nyumba ya yatima

Nyumba hiyo ilikuwa katika mtaa wa Bethnal Green, mashariki ya London. Huko waliishi maskini wengi. Ilianzishwa mwaka 1869 na mchungaji wa Methodisti, Thomas Bowman Stephenson. Mchungaji huyo aliwaona watoto wakilala barabarani kwa njaa na baridi. Akaona kwamba kuhubiri peke yake hakutoshi. Mtoto mwenye njaa anahitaji chakula, nguo, mahali pa kulala, na kazi ya kujifunza.

Maisha ya nyumba hiyo yalikuwa ya utaratibu. Watoto waliamka mapema. Waliomba, walisoma, walifanya kazi na kucheza. Kila mmoja alifundishwa kazi ya mikono. Walter alijifunza kazi ya kupiga chapa. Edward aliingia katika kwaya.

Kwaya ile ilisafiri katika miji mingi kuimba na kuchangisha fedha za kuwalisha watoto. Mwaka 1900 watu wa familia moja ya Glasgow, huko Uskochi, walimpenda Edward, wakamchukua awe mtoto wao. Walimsomesha mpaka akawa daktari wa meno.

Hiyo ilikuwa bahati njema kwa Edward. Lakini fikiri juu ya Walter. Alikuwa amempoteza mama. Alikuwa amempoteza baba. Sasa kaka yake naye akaondoka, akaenda mbali. Walter alibaki peke yake akiwa na umri wa miaka 12.

Alikuwa na mambo mawili ya kumtia nguvu. La kwanza lilikuwa malezi ya dini aliyopata tangu utoto wake. La pili lilikuwa mpira. Nyumba ya yatima ilikuwa na timu ya kandanda, na Walter alikuwa mmoja wa wachezaji wake. Katika timu ile kila mtoto alikuwa yatima au mtoto wa maskini. Uwanjani hakuna aliyeulizwa baba yake ni nani. Aliulizwa kama atampa mwenzake mpira.

4. Kutoka ridhaa mpaka kulipwa

Mwaka 1908 Walter alikuwa kijana wa miaka 20. Alikwenda kujaribiwa katika klabu ya Clapton, mjini London. Wachezaji wa Clapton walikuwa wa ridhaa, maana yake hawakulipwa mshahara. Walter alipendeza, akachukuliwa. Katika msimu huo mmoja Clapton ilishinda vikombe vitatu. Kimojawapo kilikuwa kombe la timu za ridhaa za Uingereza nzima, lililochezwa mwaka 1909.

Klabu kubwa ya Tottenham Hotspur ilisikia habari zake. Ilimwita ajiunge nayo. Katikati ya mwaka 1909 alisafiri na timu hiyo kwa meli mpaka Argentina na Uruguay, huko Amerika ya Kusini. Waliporudi akawa mchezaji wa kulipwa. Alipewa pauni 10 za kutia sahihi mkataba. Mshahara wa juu ulioruhusiwa wakati huo ulikuwa pauni 4 kwa juma. Mtoto wa nyumba ya yatima sasa alikuwa anacheza daraja la kwanza.

Wakati huo wachezaji weusi katika klabu kubwa za Uingereza walikuwa wachache mno. Kabla yake alikuwepo Arthur Wharton, aliyezaliwa Accra, katika nchi ambayo sasa ni Ghana. Wharton alikuwa golikipa. Walter alikuwa mshambuliaji wa ndani, upande wa kushoto. Hakuwa na mbio nyingi, lakini alikuwa na akili ya mpira. Alitazama kwanza, kisha akatoa pasi safi.

Mechi yake ya kwanza ya ligi ilichezwa mwezi wa Septemba, 1909. Siku chache baadaye Tottenham ilicheza nyumbani na Manchester United. Watazamaji walizidi 30,000. Walter aliangushwa karibu na goli, na timu yake ikapewa penalti. Magazeti yalimsifu.

5. Siku ya Bristol

Mwezi wa Oktoba, 1909, Tottenham ilisafiri kwenda kucheza na Bristol City. Siku hiyo Walter alicheza vizuri sana. Lakini kundi moja la watazamaji lilianza kumtukana kwa sababu ya rangi yake. Hawakumtukana kwa kukosea. Walimtukana kwa kuwa mtu mweusi. Kila alipogusa mpira walipiga kelele na kusema maneno machafu.

Walter angeweza kufanya nini? Angeweza kuwajibu matusi. Angeweza kutoka uwanjani. Angeweza kumalizia hasira yake kwa kuwapiga mateke wachezaji wa upande wa pili. Hakufanya hivyo. Alicheza mpira wake mpaka mwisho, bila kumwumiza mtu. Mwandishi mmoja wa gazeti aliyekuwepo uwanjani aliwakemea watazamaji wale. Aliandika kwamba Walter alikuwa mshambuliaji bora kuliko wote siku hiyo, na kwamba alikuwa mfano wa usafi wa moyo na wa mchezo.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo klabu yake ingemlinda. Haikuwa hivyo. Muda mfupi baadaye aliondolewa katika timu ya kwanza, akapelekwa katika timu ya pili. Katika misimu miwili alicheza mechi 10 tu za ligi katika timu ya kwanza, akafunga magoli 2. Waliotukana walikaa jukwaani, na aliyetukanwa ndiye aliyewekwa kando.

Hapa ndipo watu wengi wangeacha. Walter alikuwa na kazi ya kupiga chapa. Angeweza kurudi kwenye kazi hiyo na kuusahau mpira. Lakini aliendelea kufanya mazoezi. Aliendelea kucheza katika timu ya pili, ambako hakukuwa na sifa wala umati mkubwa. Subira yake haikuwa ya kukaa na kungoja. Ilikuwa subira ya kufanya kazi.

6. Northampton

Mwezi wa Oktoba, 1911, kocha mmoja kijana alimtaka. Kocha huyo alikuwa Herbert Chapman, wa klabu ya Northampton Town. Naye alilelewa katika kanisa la Methodisti, na zamani aliwahi kuichezea Tottenham. Baadaye Chapman alipata sifa kubwa. Timu zake za Huddersfield Town na Arsenal zilikuwa mabingwa wa Uingereza.

Northampton ni mji wa mafundi wa viatu. Klabu yake haikuwa kubwa kama Tottenham, wala haikucheza katika ligi kubwa. Mtu mwenye kiburi angeona ameshushwa. Walter aliona amepata nafasi. Mwaka 1912 alifunga magoli manne katika mechi moja, timu yake ilipocheza na Bristol Rovers.

Baadaye alihamishwa kutoka mbele, akawa mchezaji wa kiungo. Kazi ya kiungo ni ngumu. Hurudi nyuma kuwasaidia walinzi, halafu huenda mbele kuwapelekea mpira washambuliaji. Hukimbia sana, lakini mara chache hufunga goli. Watu humshangilia aliyefunga, wakamsahau aliyempa mpira. Walter aliikubali kazi hiyo. Aliichezea Northampton zaidi ya mechi 100, na watu wa mji wakampenda sana.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mchezaji mmoja, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kushinda peke yake. Timu hushinda pale ambapo kila mtu anafanya kazi yake, hata kama kazi hiyo haionekani.

7. Vita

Mwaka 1914 vita vikubwa vilianza Ulaya. Uingereza na Ufaransa zilipigana na Ujerumani. Vita hivyo vilifika mpaka Afrika Mashariki. Babu zetu wengi walichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya majeshi, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ulipata jina lake kutokana na jeshi hilo la wapagazi.

Mwezi wa Desemba, 1914, kikosi cha wachezaji kandanda kiliundwa katika jeshi la Uingereza. Walter alijiandikisha mwezi huo huo. Aliacha mshahara na sifa, akachukua bunduki. Alipandishwa cheo, akawa sajenti. Mwezi wa Novemba, 1915, kikosi kilivuka bahari kwenda Ufaransa.

Huko askari waliishi ndani ya mahandaki, yaani mitaro mirefu iliyochimbwa ardhini. Mahandaki yalijaa tope, panya na chawa. Mizinga ililia usiku na mchana. Mwaka 1916 akili ya Walter ilichoka kwa mlio wa mizinga na kuona watu wakifa. Akarudishwa Uingereza kutibiwa. Hili si jambo la aibu. Hata mtu jasiri ana mwisho wa nguvu zake, na anahitaji kupumzishwa na kutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Alipopona alirudi Ufaransa, katika vita vya mto Somme. Mwishoni mwa mwaka huo akapata homa ya mahandaki. Homa hiyo huletwa na chawa. Mara ya pili akarudishwa nyumbani kutibiwa.

8. Afisa mweusi

Wakubwa wa Walter walikuwa wamemwona kazini. Walijua kwamba watu humfuata. Wakamwombea apelekwe kwenye mafunzo ya maafisa, huko Uskochi. Lakini kulikuwa na kikwazo. Kanuni za jeshi la Uingereza za wakati huo zilimzuia mtu asiye wa asili ya Kizungu kuwa afisa mwenye amri juu ya askari. Mtu mweusi aliruhusiwa kufa vitani, lakini hakuruhusiwa kuongoza.

Hata hivyo, mwishoni mwa Mei, 1917, Walter alihitimu, akapewa cheo cha luteni usu. Akawa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kabisa kuwa maafisa wa kupigana katika jeshi hilo. Askari aliowaongoza walikuwa Wazungu.

Mwishoni mwa mwaka 1917 kikosi chake kilipelekwa Italia, kwenye mto Piave. Mto huo una maji ya baridi kali yanayokwenda kwa kasi. Adui alikuwa ng'ambo. Usiku mmoja mwanzoni mwa mwaka 1918, Walter aliongoza askari 26 kuvuka mto na kushambulia. Risasi zilikuwa nyingi. Walifanya kazi waliyotumwa, kisha wakarudi. Hakuna hata askari mmoja aliyepotea. Jenerali wake alimsifu kwa maandishi kwa ushujaa na utulivu.

Utulivu ule haukuanza Italia. Mtu aliyemwona Bristol mwaka 1909 angeutambua.

9. Mwisho wake

Mwezi wa Machi, 1918, kikosi chake kilirudishwa Ufaransa. Wajerumani walianza shambulio kubwa, na Waingereza wakarudi nyuma. Tarehe 25 Machi, karibu na kijiji cha Favreuil, Walter Tull alipigwa risasi akafa. Alibakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 30.

Askari wake hawakutaka kumwacha. Walijaribu kumbeba huku risasi zikiendelea. Mmoja wao alikuwa Tom Billingham, ambaye kabla ya vita alikuwa golikipa wa klabu ya Leicester. Alijitahidi kumvuta, lakini Wajerumani walikuwa karibu mno. Ilimlazimu amwache. Mwili wa Walter haukupatikana tena. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu mjini Arras, Ufaransa, pamoja na majina ya maelfu ya askari wengine wasio na kaburi.

Habari zilimfikia Edward, kule Glasgow. Wale watoto wawili walioingia London pamoja mwaka 1898 hawakuonana tena.

Maafisa waliokuwa na Walter walimwandikia Edward kumpa pole. Walimweleza kwamba ndugu yake alipendwa na kikosi kizima, na kwamba aliwahi kupendekezwa apewe nishani ya ushujaa iitwayo Msalaba wa Kijeshi. Nishani hiyo hakupewa kamwe. Baada ya miaka mingi watu wengi Uingereza wamedai apewe, ingawa amekwisha kufa. Mwaka 1999 watu wa Northampton walijenga ukumbusho wake karibu na uwanja wao wa mpira.

10. Tunajifunza nini?

Walter Tull hakuishi miaka mingi. Hakupata kila alichostahili. Tusidanganyane kwamba kila mvumilivu hupewa haki yake. Klabu yake ilimweka kando. Jeshi halikumpa nishani. Makosa hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya wale waliomhukumu kwa rangi yake.

Lakini kuna mambo ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Aliposukumwa nje, alitafuta mlango mwingine akaingia. Dini aliyolelewa nayo ilifundisha kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu, naye aliishi kama mtu anayeamini hivyo. Na tangu timu ya yatima mpaka mto Piave, aliwafikiria wenzake kwanza. Kwa sababu hiyo, siku ya mwisho wenzake walihatarisha maisha yao kumwendea.

Basi, ndugu msomaji, utakapokwenda uwanjani kijijini kwako, usimtazame mfungaji peke yake. Mtazame pia yule anayetoa pasi. Na ukisikia mtu anamtukana mchezaji kwa sababu ya kabila lake, dini yake au rangi yake, usikae kimya. Siku ile Bristol, mwandishi yule wa gazeti hakukaa kimya.

Maneno ya kujifunza

ridhaa – hiari. Mchezaji wa ridhaa hacheza kwa ajili ya mshahara
msimu – kipindi cha mwaka ambacho mashindano huchezwa
kiungo – mchezaji anayecheza kati ya walinzi na washambuliaji
handaki – mtaro wa kujificha wakati wa vita
luteni usu – cheo cha kwanza cha afisa katika jeshi
nishani – alama ya heshima anayopewa mtu kwa jambo jema alilofanya

Maswali

1. Baba yake Walter alitoka nchi gani, na kazi yake ilikuwa nini?
2. Kwa nini Clara aliwapeleka watoto wawili katika nyumba ya yatima?
3. Walter alijifunza kazi gani ya mikono?
4. Eleza yaliyotokea Bristol mwaka 1909.
5. Kwa nini kanuni za jeshi zilikuwa kikwazo kwa Walter?

Jadilianeni darasani

1. Kama ungekuwa kiongozi wa klabu yake baada ya mechi ya Bristol, ungefanya nini?
2. Katika kijiji chenu ni nani wanaofanya kazi ya kiungo, yaani kazi kubwa isiyoonekana?
3. Je, katika kijiji chenu watoto yatima wanatunzwaje? Mnaweza kuwasaidia kwa njia gani?